Kuhamisha kiwanda cha chakula kwenye vifungashio rafiki kwa mazingira: mwongozo kamili, kuanzia mizani hadi stoo

Kampuni nyingi zikiamua kubadilisha vifungashio humpigia simu msambazaji na kuomba "mifuko inayooza". Mtu wa kuulizwa kwanza ni mwingine kabisa: mnunuzi wa plastiki chakavu wa mji ambako bidhaa zako huliwa. Huyo ndiye anayejua kipi kitaokotwa na kipi kitaishia mtaroni. Mwongozo huu ni wa viwanda vidogo na vya kati vya unga, viungo, kahawa, korosho na vinywaji. Unafuata mpangilio huu: kupima ulicho nacho, kuuliza kinakoishia, kupunguza, na mwisho kabisa kubadilisha.

1. Pima ulicho nacho

Tafuta mizani inayosoma gramu 0.01. Kwa kila kitu kinachotoka kiwandani (mfuko, lebo, kifuniko, lakiri, katoni, gundi ya tepu, plastiki ya kuvingirishia paleti), pima vipande 10 kwa pamoja kisha gawa kwa 10. Andika jina la malighafi, unene, uzito kwa bidhaa 1,000, na jina la msambazaji.

Unene unaweza kuujua bila kifaa maalumu. Kwa karatasi, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, pima, zidisha gramu kwa 100, na jibu ni GSM (gramu kwa mita ya mraba). Kwa mfuko wa kawaida wa polietilini (PE) wa tabaka moja, kata kipande cha ukubwa huohuo na uzidishe gramu kwa 109 upate maikroni (sehemu ya elfu moja ya milimita). Kipande cha gramu 0.55 ni cha maikroni 60. Fanya hivi kwa kila roli inayoingia. Si ajabu kulipia maikroni 60 ukaletewa 52, na roli nyembamba ndiyo hupasuka kwenye mshono halafu lawama zikamwangukia fundi wa mashine.

Kama hujui mfuko wako ni wa nini, utumbukize kipande majini. PE na polipropilini (PP) huelea, PET (plastiki ya chupa za maji) na PVC (plastiki ya mabomba) huzama. Ukichana kingo na kuona matabaka yanaachana, au ndani kukang'aa kama kioo, basi ni laminati: matabaka ya aina mbili au tatu yaliyogandishwa pamoja, mara nyingi PET, alumini na PE.

2. Nenda kwa mnunuzi wa chakavu

Beba sampuli zako zote, ziwe tupu na zimeoshwa. Maswali ni matatu tu: unanunua hii? Kwa kilo bei gani? Ikiwa na lebo hii na kifuniko hiki, bei inashuka?

Majibu hayatofautiani sana kati ya miji ya Afrika Mashariki. Chupa za PET zisizo na rangi zina soko. Madumu, ndoo na makopo ya HDPE (PE ngumu) yana soko. Kreti na viti vya PP, makopo ya alumini na katoni kavu vina soko. Plastiki laini ya PE hununuliwa ikiwa safi, haina rangi na imekusanywa kwa wingi, kama ile ya kuvingirishia paleti. Vipakiti vya laminati, vikombe vya polistirini na plastiki nyeusi hubaki jalalani.

Uzito nao una kauli. Chupa ya maji ya nusu lita ina kama gramu 15 hadi 20, kwa hiyo chupa 50 hadi 67 hutimiza kilo. Kipakiti kitupu cha viungo chenye uzito wa gramu 2 kinahitaji kuokotwa mara 500. Hakuna mwokotaji atakayeinama mara 500 kwa bei ya kilo moja ya plastiki laini, hata ukichapa alama ya urejelezaji kila upande. Ukiuza vipakiti vidogo, kuongeza ukubwa wa ujazo au kuuza kwa kujaziwa kuna maana zaidi kuliko kubadilisha malighafi.

3. Jua kinachoharibu bidhaa yako

Mfuko wa kilo moja ya unga una gramu 6 au 7 za plastiki. Kilo ya unga ikiharibika, umepoteza shamba, mbolea, dizeli ya trekta na umeme wa kinu. Kwa hiyo kifungashio kisicholinda chakula hakifai, hata kama kinaoza kesho yake.

Unga adui yake ni unyevu na wadudu. Korosho na karanga adui yao ni oksijeni, kwa sababu mafuta yake huchacha. Ndiyo maana korosho za kusafirishwa nje hufungwa kwenye mifuko mikubwa iliyotolewa hewa na kujazwa naitrojeni au kaboni dayoksaidi. Kahawa iliyokaangwa ina mambo mawili yanayopingana: yenyewe hutoa gesi kwa siku kadhaa, na oksijeni huimaliza harufu. Bila vali ya kutolea gesi, mfuko uliozibwa mapema huvimba hadi kupasuka. Viungo hupoteza harufu na rangi, na mwanga huviongezea kasi.

Kwa unga kuna hesabu ambayo kila mwenye kinu aifanye kabla ya kuhamia karatasi. Tuseme unafunga unga wenye unyevu wa 12% na kikomo chako ni 13.5%. Katika kilo moja, gramu 880 ni unga mkavu. Gawa 880 kwa 0.865, unapata gramu 1,017. Pakiti hiyo basi inaweza kunyonya gramu 17 tu za maji kabla ya kuvuka kikomo. Weka pakiti 10 stoo Tanga au Mombasa na uzipime kila wiki. Zikiongezeka gramu 0.8 kwa wiki, una wiki kama 21. Zikiongezeka gramu 3, hutafika hata wiki 6.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wengi huusahau. Karatasi hupitisha unyevu kwenda na kurudi. Unga uliofungwa ukiwa na 13.5%, ukikaa Dodoma kiangazi hadi ushuke 11%, hupoteza gramu 28 kwa kila kilo. Mkaguzi wa vipimo akija na mizani yake atakuta pakiti pungufu, ingawa kiwandani ulijaza sawasawa. Dawa ni kukausha unga vizuri kabla ya kufunga au kuongeza ujazo, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya karatasi tangu mwanzo.

4. Punguza kabla ya kubadilisha

Hapa ndipo pesa ilipo, na mashine huhitaji marekebisho madogo tu.

Mfuko wa unga wa sentimita 20 kwa 32, maikroni 60, una gramu 7.1. Ukishuka hadi maikroni 50 unakuwa na gramu 5.9. Kwa mifuko 100,000 umeokoa karibu kilo 120 za plastiki. Usishuke zaidi ya maikroni 10 kwa mara moja. Jaribu kwa kudondosha (tutafika huko) ndipo uendelee. Punguza pia nafasi tupu juu ya bidhaa: mfuko uliobaki sentimita 6 juu ya unga unaweza kukatwa hadi 3 au 4 bila kuathiri mshono.

Kwa chupa za maji na juisi, angalia shingo. Shingo fupi ya PCO 1881 ina karibu gramu 1.3 pungufu kuliko ile ndefu ya PCO 1810, na kifuniko chake pia ni chepesi. Lakini lazima ubadilishe vichwa vya mashine ya kufungia vifuniko na reli za kushika shingo. Ukiagiza chupa bila kubadilisha vichwa, vifuniko vitakaa upande na kuvujisha. Achana na rangi pia: chupa ya kijani au buluu iliyokolea ina soko dogo kuliko angavu, na ndiyo sababu Coca-Cola ilihamisha Sprite kutoka chupa ya kijani kwenda isiyo na rangi, Amerika ya Kaskazini ikiwa mwaka 2022.

Lebo ya kujikunja inayovalishwa chupa nzima iondoe, hasa ikiwa ya PVC. PVC kidogo tu huharibu PET inapoyeyushwa, na chupa iliyofunikwa mwili mzima mashine za kuchambua haziitambui. Tumia lebo ya PP au PE inayozunguka katikati tu. Hiyo huelea majini wakati vipande vya PET vinazama, na zinaachana zenyewe kwenye pipa la kuoshea.

5. Kuchagua malighafi mpya

*Plastiki ya aina moja.* Kwa kahawa, viungo na vyakula vya lishe vilivyo kwenye laminati, hii ndiyo njia inayofaa zaidi kwa sasa. Badala ya PET/alumini/PE, unachukua PE kwa PE: tabaka la nje limevutwa ili liwe gumu na lichapike, la ndani ni laini la kuzibia. Ili kuzuia oksijeni, huongezwa tabaka jembamba la EVOH, plastiki isiyopitisha gesi kirahisi. Mwombe msambazaji EVOH isizidi 5% ya uzito wote, kiwango ambacho miongozo ya urejelezaji ya Ulaya hukikubali. Fahamu pia udhaifu wake: EVOH ikinyonya unyevu uwezo wake wa kuzuia oksijeni hushuka sana, kwa hiyo lazima iwe katikati ya matabaka ya PE. Kwa maziwa ya unga ya kukaa miaka 2 huko pwani, alumini bado haijapata mbadala wa kuaminika, na hakuna aibu kubaki nayo.

*Karatasi.* Kenya unga wa mahindi wa kilo 2 huuzwa kwenye pakiti za karatasi, 12 kwa beli, na soko limezoea. Inawezekana kwa sababu unga huo unauzwa haraka. Kama bidhaa yako hukaa rafuni miezi 6, karatasi tupu haitakufaa. Karatasi iliyopakwa plastiki ndani inalinda zaidi, lakini muulize mnunuzi wa katoni kama anaichukua; wengi hawaitaki. Karatasi ya kuzuia mafuta, ya sambusa na mandazi, idai tamko la maandishi kuwa haina PFAS (kemikali za kuzuia mafuta na maji, zisizooza). Wadudu nao hutoboa karatasi, hivyo usafi wa stoo unabadilika kutoka jambo la heri kuwa sharti.

*Mifuko "inayooza".* Hapa panahitaji macho makavu. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinataka 90% ya malighafi iwe imeoza ndani ya miezi 6, lakini kwenye mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 58. Mtaroni, baharini au dampo la kawaida hali hiyo haipo. Kama hakuna mtambo wa namna hiyo unaokusanya taka za wateja wako, umelipa bei ya juu kununua takataka ya kawaida, na ikichanganyika na PET inaharibu urejelezaji wa wengine. Plastiki ya PLA (inayotengenezwa kwa wanga au sukari ya mimea) pia hulegea ikifika nyuzi 55 hadi 60, na kontena lililoachwa juani linaweza kufika huko. Vikombe vinawasili vimejikunja. Plastiki za okso, zinazotiwa dawa ili zivunjike, usiziguse. Zinabaki vipande vidogo vidogo, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa Agizo la 2019/904.

*Kurudisha na kujaza.* Kreti ya soda ya chupa 24 za kioo ni mfumo wa urejeshaji ambao duka la mtaani linauendesha bila semina yoyote: leta chupa tupu, chukua iliyojaa. Kwa maji ya lita 18.9, asali, mafuta ya kupikia na sabuni ya maji, jenga juu ya mazoea hayo. Amana iwe kubwa kiasi cha kumuuma mteja akiacha kurudisha, lakini isizidi bei ya chombo chenyewe, la sivyo utaletewa vyombo ambavyo si vyako. Panga hesabu ya vyombo vitatu kwa kila kimoja kinachouzwa: kimoja kwa mteja, kimoja njiani, kimoja kwenye kuoshwa.

6. Rekebisha mashine ya kuziba

Hapa ndipo majaribio mengi ya plastiki ya aina moja hufia, na watu huilaumu malighafi.

Kwenye laminati, PET ya nje huyeyuka karibu nyuzi 250 na PE ya ndani huyeyuka chini ya 130. Fundi anaweza kuweka taya za kuzibia nyuzi 170 bila wasiwasi. Kwenye PE kwa PE, nje na ndani vinayeyuka kwa joto linalokaribiana. Ukiacha 170, mfuko unang'ang'ania taya na kunyofoka.

Anza hivi. Shusha joto hadi nyuzi 120. Vingirisha taya kwa tepu mpya ya Teflon isiyo na mkunjo. Ongeza muda wa kubana, kwa mfano kutoka sekunde 0.3 hadi 0.6. Ziba mifuko 10, vuta kila mshono kwa mkono. Ukiachia kwa kubanduka taratibu, panda nyuzi 5 na urudie. Ukifika mahali plastiki inachanika kabla mshono haujaachia, andika namba hiyo. Endelea kupanda hadi nje ianze kukunjamana, andika hiyo pia. Fanyia kazi katikati ya namba hizo mbili. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10, mwombe msambazaji tabaka la ndani linaloziba kwa joto la chini zaidi, kwa maana taya za mashine nyingi hupanda na kushuka zaidi ya hapo zenyewe. Tarajia mwendo wa mashine kushuka, na ingiza hilo kwenye gharama ya kila pakiti.

Mshono ukivuja huku joto likiwa sawa, tazama vumbi. Unga unaoruka wakati wa kujaza hukaa kwenye midomo ya mfuko. Shusha bomba la kujazia liingie ndani zaidi, au weka kifyonza vumbi. Usifunge pia unga wa moto kutoka kinuni: mvuke hugeuka matone ndani ya mfuko, na ukungu huanzia hapo.

7. Jaribu kabla ya kuagiza wingi

Agiza pakiti 500 hadi 1,000 zisizochapwa na utumie stika. Uchapaji wa silinda hudai silinda moja kwa kila rangi na oda kubwa. Usichonge silinda kabla majaribio hayajapita.

Kuvuja: toa bidhaa, mimina ndani maji yenye rangi ya methilini buluu na tone la sabuni, egemeza mfuko juu ya mshono kwa dakika 5 kwenye karatasi nyeupe. Doa lolote ni njia ya hewa. Kudondosha: pakiti 20 zilizojaa, kutoka mita 1, mara kwa chini, mara kwa ubavu, mara kwa mshono. Kukaa: nusu ya sampuli kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa 75%, nusu stoo ya kawaida, pima uzito, onja na kunusa kila wiki. Safari: tuma katoni 10 kwa njia ileile bidhaa zako hupita, hata kama ni buti la basi la mkoani, na umwombe mpokeaji apige picha kabla ya kufungua.

Kutoka kwa msambazaji dai karatasi yenye unene na tofauti inayoruhusiwa (10% juu au chini ni kawaida), kiasi cha unyevu na oksijeni kinachopita, joto la kuzibia, na cheti cha uhamaji wa kemikali kwenda kwenye chakula. Kikomo cha jumla cha Ulaya ni miligramu 10 kwa kila desimita ya mraba. Plastiki iliyorejelezwa isiguse chakula bila idhini ya aina hiyo mahususi. Iweke kwenye kreti, paleti na plastiki ya kuvingirishia.

8. Katoni

Katoni ya kilo 12 ikipangwa 8 kwenda juu, ya chini hubeba 7, yaani kilo 84. Unyevu wa 90% hubakiza kama nusu ya nguvu ya katoni, na kukaa miezi mitatu chini ya mzigo hubakiza zaidi kidogo ya nusu ya hiyo. Kwa hiyo agiza katoni yenye nguvu ya mara 4: karibu kilo 336. Panga katoni pembe juu ya pembe. Mpangilio wa kupishana kama matofali unapendeza machoni lakini unaweza kuiondolea nguvu hadi nusu. Katoni zisining'inie nje ya paleti. Ukifanya haya, mara nyingi unaweza kuachana na katoni ya tabaka mbili.

9. Sheria na maandishi ya kwenye mfuko

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio vya vyakula vinavyofungwa kiwandani vilibaki nje ya katazo, lakini visigeuzwe kuwa mifuko ya kubebea. Lakiri za plastiki juu ya vifuniko vya chupa ziliingizwa katazoni baadaye. Mifuko mbadala isiyofumwa inatakiwa iwe na GSM 70 au zaidi. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa kifungashio chake hata baada ya kuuzwa. Ukiuza huko, jiunge na mpango wa pamoja wa wazalishaji. Rwanda ilianza mapema zaidi, 2008. Wanaouza Ulaya wanakabiliwa na Kanuni 2025/40, inayotumika kuanzia tarehe 12 Agosti 2026. Inabana PFAS kwenye vifungashio vya chakula, na kutoka 2030 inadai vifungashio viweze kurejelezwa.

Kwenye mfuko andika jina la malighafi na namba yake (1 PET, 2 HDPE, 4 LDPE yaani PE laini, 5 PP), na namna ya kuutupa. Neno "rafiki kwa mazingira" peke yake halimwambii mwokotaji chochote.

10. Kuhama

Maliza mifuko ya zamani kwanza. Kuitupa ili uonekane umebadilika ni kuongeza taka. Anza na bidhaa moja, soko moja, kwa miezi mitatu. Kila roli ipewe namba, na kila pakiti ichapwe namba ya roli pamoja na tarehe. Hifadhi pakiti 20 za kila roli hadi muda wake wa matumizi uishe. Kwa kila pakiti inayorudishwa andika kasoro, roli, zamu na joto la taya siku hiyo. Marudio yakizidi yale ya mfuko wa zamani, rudi hatua ya 6 kabla ya kumpigia simu msambazaji.